Mkoba Uliorudi na Maharage

Ifahamike kwa wananchi wote, wa Ngara na wa Biharamulo, wenye magodoro na wenye mikeka, waliobatizwa na wanaosubiri, kwamba kuanzia daraja la Rusumo hadi njia panda ya Nyakahura hakuna mamlaka iliyo juu ya pua ya Bi. Esperansia katika suala zito la mikoba ya kifahari. Pua hiyo haihongwi. Imekwisha kuwaumbua wake za wakubwa, wachumba wa madereva wa malori, na katekista mmoja aliyedai mkoba ule ni wa dada yake. Mwenye mkoba olijino na aulete usifiwe. Mwenye mashaka na ayalete pia.

Tangazo hilo lilitolewa kila siku ya gulio pale Benaco na Rwekaza, muuza dawa za panya na mende, kwa kipaza sauti alichokifunga kwenye baiskeli. Ulimi wa Rwekaza haukuwahi kuamua lini ni r na lini ni l, lakini sauti yake ilikuwa ya askofu, na watu walisimama kusikiliza hata kama nyumbani hawakuwa na panya. Kati ya panya na mende alipenda kupachika sifa za jirani yake wa meza, bila malipo, kwa sababu umati ukija kutazama mikoba haukosi mmoja mwenye mende.

Mwenyewe Esperansia, wakati akitangazwa hivyo, kwa kawaida alikuwa hayupo. Mwili ulikuwepo, umeketi kwenye kigoda nyuma ya turubai lililojaa mikoba ya mitumba. Lakini pua ilikuwa ndani ya mkoba, na akili ilikuwa imeifuata pua.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Akishafungua belo jipya huchagua mkoba, huvuta zipu, huingiza uso mpaka mashavu yanazama, halafu hufumba macho. Wateja waliomzoea walimsubiri kama watu wanavyomsubiri padri amalize kusali kimoyomoyo. Mle ndani mlikuwa na nchi. Mkoba mmoja ulikuwa na nchi ya marashi na kikohozi. Mwingine ulikuwa na biskuti za mtoto, na mtoto mwenyewe huenda sasa ni mtu mzima ana ndevu na kesi. Mwingine ulikuwa na mvua, ile mvua ya huko isiyozaa matope, inayonyesha juu ya watu wasio na shamba hata moja, nao wanailalamikia. Esperansia alikaa humo, akatembeatembea, akatoka taratibu kama mtu anayetoka mtoni, kisha akatoa hukumu. Ama alisema "Feki," ama alisema "Huu ulikuwa na mwenyewe," na hiyo kwake ndiyo ilikuwa maana ya orijino.

Si kwamba hakujua mengine. Kwa mteja mbishi alimshikisha kidole kwenye mshono. Mkoba wa kweli, alisema, mishono yake hulala upande mmoja, sawasawa, kama waumini wanaopiga magoti wakijua askofu anaangalia. Wa uongo uzi huanza kukimbia penye kona, maana fundi alikuwa na mingine tele ya kumaliza kabla ya chakula. Chuma cha ule wa kweli ni kizito na cha baridi, wala dhahabu yake haibaki kidoleni. Nambari iliyogongwa ndani imezama kwenye ngozi, haikupakwa juu. Na ngozi yenyewe ukiikwaruza kwa ukucha, kisha ukaisugua kwa kidole gumba, inasamehe. Plastiki haisamehe, alama hubaki. Lakini hayo yote, alisema, ni ya mahakamani. Kwa watu waungwana inatosha pua.

Mapenzi hayo yalikuwa ya siku nyingi. Mkoba wake wa kwanza alishonewa na mama yake akiwa binti mdogo, kwa kipande cha turubai la bluu, mwaka ule Benaco ilipofurika wakimbizi mpaka vilima vikabadilika rangi. Ulinuka mahindi ya msaada. Kwa kipimo chochote ulikuwa orijino. Hakuna aliyewahi kujaribu kuuiga.

Kisha, masika moja, belo lilitoa mkoba wa kahawia. Jina lililogongwa juu yake halitatajwa hapa, kwa kuwa wenye jina hilo wana mawakili wengi kuliko Ngara ilivyo na migomba. Esperansia aliingiza uso, na akakaa humo muda mrefu hata Rwekaza akanyamazisha panya na mende akaja kumtazama kama anapumua.

Alikuwa anapumua, tena vizuri kuliko siku zote. Mle ndani alikuwamo mwanamke. Alikuwa mrefu, kavaa koti refu, anatembea kando ya maji mapana yasiyo na mamba wala viboko, hana haraka, hana mzigo, hana mtu anayemwita. Alifika mahali penye meza ndogo barabarani, akaketi, akaagiza kitu, wala hakukinywa. Hilo ndilo lililomuua Esperansia. Mtu kuagiza kitu, akakiangalia tu kinapoa, moshi wake unapanda, na yeye anatazama maji. Esperansia alimpa jina la Yule Mama, akafunga zipu, na mkoba ule hakuuza.

Aliutundika kwenye msumari juu ya kitanda, ameujaza magazeti ya zamani usije ukasinyaa. Kila Jumapili baada ya misa, wenzake wakienda kwenye pombe ya rubisi, yeye alijilaza, akauteremsha, akautoa magazeti, akaingia. Yule Mama alikuwa amekwisha kumzoea. Wakati mwingine alimsogezea kiti.

Hapo ndipo mwanawe wa pekee, Irakoze, alipopata mchumba.

Irakoze alikuwa fundi wa matairi pale pale Benaco, kijana mpole anayepiga mluzi akiziba pancha, na alimpata Anneth kwa njia ya halali kabisa: bodaboda iliyombeba binti huyo iliishiwa upepo mbele yake. Anneth alikuwa wa Nyarubungo, huko Biharamulo, amelelewa na bibi yake. Tairi hilo Irakoze aliliziba polepole kuliko tairi lolote katika historia ya Benaco. Kufikia mavuno ya maharage, mambo yalikuwa yamefika mahali pa kutuma zawadi.

Esperansia aliwaza wiki nzima atume nini. Vitenge kila mtu anatuma. Akatazama juu ya kitanda. Yule Mama alimtazama pia, au ndivyo ilivyoonekana kwa mwanga wa dirisha lile. Binti anayemchukua mwanao wa pekee unampa nini kama si kile unachokipenda? Akauteremsha mkoba, akaufuta kwa kitambaa chenye mafuta, akaukandamizia magazeti mapya ili ukae na umbo lake, akaufunga. Alilia kidogo, kwa staha. Halafu, kwa kuwa maisha yanaendelea, alichukua bakuli la mke wa Rwekaza lililokuwa limeletwa likiwa na senene, akaweka ndani yake maparachichi mawili, akampelekea. Bakuli la mtu halirudi tupu. Hata mtoto wa Ngara asiyejua kufunga kaptula anajua hilo.

Mshenga alikuwa Anatoli, kaka wa marehemu mume wake, mzee aliyebana maneno kiasi kwamba watu wengine aliwasalimia kwa nyusi. Aliondoka na mkoba chini ya kwapa. Siku ya tatu alirudi, na mkoba ulikuwa bado chini ya kwapa.

"Wameurudisha," alisema.

Esperansia aliinuka kwenye kigoda. Aliuliza wamesemaje.

"Wamesema asanteni. Wanasubiri."

Akauliza wanasubiri nini.

Anatoli alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Shemeji, wewe si mtoto," alisema, akaenda kwenye migomba yake.

Mkoba ulikuwa mzito. Esperansia alivuta zipu, na badala ya magazeti akakutana na maharage. Yalikuwa ya njano, yamechambuliwa, hayana hata jiwe, yamejaa mpaka shingoni. Alikaa akiyatazama, yakamtazama. Mkoba wa Yule Mama, uliokuwa umetembea kando ya maji mapana bila mzigo wowote, ulikuwa umefanywa gunia. Ujumbe ulikuwa wazi kwake kama kengele ya kanisa: tumeukagua, tumeona ni takataka, tumeutumia kwa kadiri ya thamani yake.

Irakoze alimpigia simu Anneth, akarudi ndani bila mluzi. "Mama," alisema, "Anneth anasema nikuulize wewe. Eti ulituma nini."

Hakuna kisu ambacho kingeingia vizuri zaidi. Yeye, pua ya Benaco, alikuwa ametuma feki kwa wakwe.

Ngara ni wilaya kubwa lakini maneno hutembea mteremko. Gulio lililofuata wanawake walikuja kununua mikoba na kuishika kwa vidole viwili. Mmoja alirudisha ule alioununua mwezi uliopita, akasema mume wake hapendi rangi. Rwekaza, ambaye alikuwa rafiki wa kweli, aliacha kulitaja jina lake. Kipaza sauti kikabaki na panya na mende, na hata hao aliwatangaza kwa huzuni. Nyumbani Irakoze aliziba pancha kimya kimya. Alianza kukonda sehemu za shingo, na shingo ya mwana ndiyo mama huiona kwanza.

Esperansia aliutoa mkoba nje kwenye mwanga, akautandikia turubai, akaufanyia kesi ya mahakamani. Alikwaruza ngozi kwa ukucha, akaisugua, na ikasamehe, ila ilionekana kusamehe shingo upande. Chuma kilikuwa kizito, lakini siku hizi hata kopi zinatiwa chuma kizito. Nambari ilikuwa imezama. Kisha, chini ya mkono wa kushoto wa mkoba, akaona mshono mmoja uliolala kinyume cha wenzake, kama muumini anayechungulia mlangoni. Aliutazama mpaka macho yakatoa machozi. Huenda ulishonwa upya na fundi wa huko. Huenda ulizaliwa hivyo. Mwishowe akafanya alichokuwa anaogopa, akaingiza uso.

Humo ndani palinuka maharage.

Hapakuwa na maji mapana wala meza ndogo. Jumapili ile alijilaza, akafumba macho kwa nguvu, akamwona Yule Mama kwa mbali sana, amempa mgongo, anatembea haraka kama mtu aliyesikia anaitwa na mdai wake. Alipoamka aliyapika yale maharage. Hayakuchelewa kuiva, yalikuwa laini na matamu, jambo lililomuudhi zaidi.

Alipoyamaliza alikuwa ameamua. Desturi inasema mama wa mume haendi kwa wakwe kabla hajaitwa, lakini desturi haijawahi kuona shingo ya Irakoze. Angeenda Nyarubungo mwenyewe, angewaambia kwamba kama mkoba ni feki basi kosa ni la pua, wala si la kijana, na kijana ni orijino, ana mishono yote upande mmoja. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akauchukua mkoba kama ushahidi, akapanda gari la asubuhi.

Ukungu ulikuwa bado haujaamka. Vilima vilielea bila miguu, na ng'ombe walitokea mmoja mmoja kama mawazo, wakapotea. Esperansia aliukumbatia mkoba mapajani. Katika usingizi mwepesi wa safari alijiona yeye ndiye kavaa koti refu, anatembea kando ya maji, na kila alipofika kwenye meza ndogo mhudumu alimwuliza amebeba nini, naye akavuta zipu atazame. Aliamshwa na utingo akimwambia mama, Biharamulo hii, na kutoka hapo pikipiki ilimfikisha Nyarubungo kupitia mashamba ya mihogo na mahindi yaliyokwisha vunwa.

Bibi Rozina, bibi yake Anneth, alikuwa uani anapepeta. Mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa iliyoonekana kuazimwa kwa mtu mwingine. Esperansia alipiga hodi, akakaribishwa, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani hawajambo?" Na hapo hapo, kama mwenyeji yeyote mwenye adabu, bibi akanyoosha mkono kumpokea mgeni mzigo wake.

Aliupokea mkoba. Mkono wake ulikuwa umejiandaa kwa uzito, ukapanda juu peke yake. Bibi Rozina aliutikisa kidogo karibu na sikio. Uso wake ukaanguka. Alitazama kulia na kushoto kama kuna jirani anayeona, akamvuta mgeni hadi kivulini, akanong'ona:

"Mwanangu, mmeuleta tena mtupu?"

Esperansia alisimama pale na maneno yake yote ya utetezi mdomoni, yamepangwa vizuri, na hakuna hata moja lililofaa.

Bibi alieleza kwa sauti ya chini, kwa upole, kama anayemweleza mtu aliyefiwa. Mjumbe alileta mkoba, wakashukuru, wakaufungua mbele ya wazee kama inavyopasa kikapu cha wakwe, wakakuta magazeti. Wazee wakayapitisha mkono kwa mkono. Mmoja akauliza kama ni magazeti ya maana. Yalikuwa ya mpira. Basi bibi akasema hawa wenzetu wamepitiwa, tusiwaaibishe, akachambua maharage ya mbegu yake mwenyewe, akaujaza, akaurudisha, ili wapate pa kuanzia upya bila mtu kusema neno. Na Anneth alikatazwa kulitamka kwenye simu, maana kumwambia mchumba kwamba mama yake alituma kikapu kitupu ni kumtukana.

Kikapu kitupu. Esperansia aliyaona maparachichi yake mawili kwenye bakuli la mke wa Rwekaza, yanang'aa kijani kama macho ya shetani. Maisha yake yote hakuwahi kurudisha hata kifuniko cha sufuria bila kitu juu yake. Lakini miaka yote ile ya kuchungulia ndani ya mikoba, kuinusa, kutembea humo, haikuwahi kumjia kwamba ule nao ni chombo cha kutilia vitu.

"Kwa hiyo, mama," aliuliza, kwa sababu ilimbidi aulize, "hamkusema kwamba ni feki?"

"Feki ni nini?"

Anneth, aliyekuwa amejificha mlangoni nusu mwili, akamsaidia. "Bibi, ni kitu kilichotengenezwa kifanane na kitu kingine."

Bibi Rozina aliuinua mkoba ule kwenye mwanga, akaugeuza, akautafakari kwa haki. "Unafanana na mkoba," alisema. "Kwani ulikuwa uwe nini?"

Esperansia aliomba ruhusa kidogo, akauchukua mkoba, akatoka. Kwenye duka lililo njiani alinunua chumvi, sukari, sabuni za mche, majani ya chai na kipande cha khanga, akavishindilia vyote ndani bila kutazama mishono. Zipu ililia. Mikono ya mkoba ilivutika, na ule mshono uliolala kinyume ukakaza pamoja na wenzake. Alirudi njia ile ile akiwa ameinama upande mmoja kwa uzito, akafika uani, akapiga hodi upya kama ndiyo kwanza anafika kutoka Benaco.

Bibi Rozina alikuwa ameketi, anapepeta, kama hajamwona mtu siku nzima. "Karibu, nani huyo?"

"Ni mimi, mama yake Irakoze. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani hawajambo?" Akanyoosha mkono kupokea mzigo. Safari hii mkono ulishuka mpaka karibu na ardhi, na uso wa bibi ukafunguka wote, mpaka kwenye meno yaliyobaki. Alimwita Anneth kwa sauti iliyokusudiwa kufika kwa jirani wa tatu, aje ampokee mama mkwe, maana mzigo ni mzito na yeye ni mzee.

Ndoa ilifungwa kiangazi kile kile. Irakoze alipiga mluzi mpaka kanisani, padri akamwomba aache. Mkoba ulibaki Nyarubungo, kwa kuwa bibi aliuomba kwa muda na Anneth hakupata moyo wa kumnyima. Esperansia alipokwenda kuwasalimia wakwe aliukuta kwenye msumari juu ya jiko, una mbegu za maharage, umekuwa mweusi kwa moshi, kamba ya mgomba imefungwa pale zipu ilipokata tamaa. Bibi alipotoka kuchuma mboga, aliuteremsha, akachungulia huku na huku, akaingiza uso.

Ilichukua muda. Kwanza moshi. Kisha maharage. Kisha, nyuma ya maharage, maji mapana. Yule Mama alikuwa ameketi kwenye meza yake ndogo. Hakuwa tena na koti, kajifunga khanga, mbele yake sinia kubwa, anachambua. Kikombe chake alikuwa amekinywa chote. Aliinua macho, akasogeza sinia kidogo upande wa pili, kama mtu anayemwambia mwenzake: usikae tu.

Gulio lililofuata Benaco ilikuwa na jua jembamba na vumbi la malori, na Rwekaza alikuwa amerudishiwa sauti yake. Baada ya panya, kabla ya mende, alipanda juu ya kreti la soda, akatangaza kwamba pua ya Ngara, iliyosingiziwa na kushinda, iliyovuka mipaka ya wilaya na kurudi na mkwe, ipo hapa leo, na kwa mara ya kwanza itaufunulia umma siri yake bila malipo. Watu walisogea. Wenye pikipiki walizizima. Akamsogezea kipaza sauti mdomoni, kwa mikono miwili, kama wanavyomshikia askofu.

"Mama Irakoze, umma unasubili. Mkoba olijino unatambulikaje?"

Esperansia alikuwa ameketi nyuma ya turubai. Aliutoa uso kwenye mkoba uliokuwa karibu, akafikiri.

"Wa kubebea nini?" aliuliza.